Beki Aliyegongwa Kichwa Atolewe Uwanjani

Steve Montador, beki Mkanada wa mpira wa magongo wa barafuni, alicheza michezo 571 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 35. Ubongo wake ulipochunguzwa ulionekana na maradhi yanayohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara.

Kasokola hakuna barafu, lakini wapo mabeki wanaogongana vichwa wakiwania kona. Anayeyumba humwagiwa maji, akarudi mchezoni. Desturi hii ikomeshwe. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie. Mwamuzi, hata akiwa mwalimu wa zamu, amtoe mchezaji siku hiyo, nahodha apende asipende. Akitapika tena na tena, au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali usiku uleule.