Saa 24 za Kwanza

Mwaka 1981, Palmer Beasley, mtaalamu wa epidemiolojia kutoka Marekani, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan. Wote walipimwa damu mwanzoni, na 3,454 walikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kisha kazi ikawa ya kungoja na kuhesabu. Saratani ya ini ilipojitokeza kwa watu 41, ilibainika kwamba 40 kati yao walitoka katika kundi lile dogo lenye virusi. Kundi kubwa la wasio navyo lilitoa mgonjwa mmoja tu.

Virusi hivyo havikuwa vigeni kwa wanasayansi. Baruch Blumberg alikwisha kugundua alama yake katika damu miaka ya 1960, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kilichobishaniwa ni iwapo virusi ndivyo vinavyotangulia saratani, au vinakutwa tu katika ini lililokwisha kuugua. Hesabu ya Taiwan ilimaliza sehemu kubwa ya ubishi huo.

Beasley hakuishia hapo. Yeye na wenzake, akiwamo mkewe, daktari Lu-Yu Hwang, walionyesha kwamba watu wengi huvipata virusi kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Wakajaribu kuwapa watoto wa kina mama hao kingamwili mara baada ya kuzaliwa, pamoja na chanjo, na wengi mno wakanusurika. Mwaka 1984 Taiwan ilianza kuchanja kitaifa. Mwaka 1997 iliripotiwa kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000.

Funzo la kazi hiyo ni la wakati. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yake yote. Kwa mtu mzima, uwezekano huo ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Hata hivyo, kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024, ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda ya Afrika wanaoipata, ilhali kanda hiyo ina asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani.

Nchini Tanzania na Kenya, kinga hiyo imezoeleka kuanza wiki ya 6, ndani ya chanjo ya pentavalenti. Wapo wanaoona inatosha, na hoja yao si ya kubezwa: barani Afrika, watoto wengi waliambukizwa wakiwa wametimiza miezi au miaka kadhaa, wakicheza na kuishi na wenzao, na pentavalenti imeifunga njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini njia moja ikifungwa, inayobaki wazi ndiyo inayostahili kuangaliwa. Kwa mtoto aliyevipokea virusi leba, sindano ya wiki ya 6 humkuta mwenyeji amekwisha kuingia.

Wengine huhofia kumwongezea mtoto mchanga sindano. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Isitoshe, mtoto huyo huyo tayari hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Mkunga yupo, jokofu lipo, kadi ya kliniki ipo. Kwa wanaozalia nyumbani kazi ni ngumu zaidi, lakini ugumu wa kumfikia mmoja hauwi sababu ya kumnyima aliye mikononi mwa mkunga.

Saratani ya ini humwangusha mtu katika umri wa kulea na kutafuta riziki, na mara nyingi hugunduliwa tumbo limekwisha kujaa maji. Huyo tiba humfikia kwa kuchelewa. Dozi ya siku ya kwanza ingemfikia miaka 40 kabla, na hapo ndipo wizara, hospitali na wakunga wanapopaswa kuelekeza nguvu.