Malakiti Haivuti Pesa

Muhula uliopita mwanafunzi mwenzangu wa bweni alianza kuuza bangili za shanga za vito. Alizipanga juu ya kitanda chake, kitenge cheusi chini, na kila bangili aliiwekea kikaratasi. Akiki: huimarisha ndoa. Feruzi: humlinda msafiri. Amethisto: huzuia ulevi. Malakiti: huondoa woga wa mitihani, hutibu tumbo na huvuta pesa.

Kikaratasi hicho cha mwisho nilikisoma mara mbili, nikacheka. Mimi ni mtoto wa Likasi, katika Katanga ya Kongo. Tulipokuwa wadogo tuliokota vipande vya jiwe hilo la kijani, tukavichezea kama watoto wa pwani wanavyochezea makombe ya bahari. Kama malakiti inavuta pesa, naomba nielezwe jambo moja: wachimbaji wadogo wa Kolwezi, wanaoshinda shimoni wakiwa wamezungukwa nayo kulia na kushoto, mbona jioni wanarudi nyumbani na deni la unga? Na muuzaji wetu mwenyewe, mwenye bangili tatu mkononi, mbona wiki hiyo hiyo alinikopa nauli? Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu hakuweza hata kujivutia nauli.

Ningeishia kwenye kicheko kama si yaya wangu. Namwita yaya, ingawa ni binti wa mama mkubwa, kwa sababu ndiye aliyenilea nilipoanza shule. Yeye anaugua vidonda vya tumbo. Alikuja kunitembelea, akaiona ile malakiti, akaambiwa hivi: usiku itumbukize katika glasi ya maji, asubuhi yanywe kabla ya kula. Yaya alifanya hivyo, na kwa kuwa maji hayo hayakuwa na ladha, aliyakamulia ndimu jioni ile ile. Asubuhi ya tatu alitapika mpaka akashindwa kusimama. Tulimpeleka zahanati. Alipata dawa, akapata nafuu, namshukuru Mungu. Nilipoitazama bangili yenyewe, shanga zilizokuwa ziking'aa zilikuwa zimefifia, kama macho ya samaki aliyelala sokoni siku mbili.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, na hapo ndipo makala haya yanapoanza. Napinga vikaratasi. Sipingi bangili. Ninayo yangu mkononi ninapoandika, na ni ya malakiti.

Tuanze na jiwe lenyewe. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba tupu; shaba hiyo ndiyo inayoipa rangi ya kijani. Kaboneti na asidi haviketi pamoja. Ukiidondoshea asidi, jiwe hutoa mapovu, huliwa juu, na shaba iliyokuwa imefungwa ndani huingia katika maji. Ndimu ni asidi. Siki ni asidi. Hata tumbo lenyewe lina asidi, tena kali kuliko ndimu. Mng'ao uliopotea juu ya shanga za yaya haukwenda mbinguni. Ulikwenda katika glasi, na kutoka katika glasi ukaenda kwa mgonjwa wa vidonda. Shaba ikizidi tumboni humfanya mtu atapike. Hili ni jambo la kemia na linajulikana, halihitaji imani wala kutoamini.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa. Mwalimu wangu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia darasani kwamba ninadharau mila. Alisema Mwafrika amevaa shanga za kinga tangu zamani, na kwamba kijana aliyesoma hurudi nyumbani kuwacheka wazee wake. Mwalimu, kwa heshima zote, tuulize: mila ya nani? Imani kwamba amethisto huzuia ulevi ni ya Wagiriki wa kale. Jina lenyewe katika lugha yao lina maana ya asiyelewa. Kikaratasi kile hakikuandikwa na babu yangu. Kimenakiliwa kutoka vitabu vya watu wa mbali, kikatafsiriwa, kikavishwa kitenge, na leo kinaitwa mila yetu.

Wazee wa Katanga walilijua jiwe hili kabla ya mgeni yeyote kuwafikia na jina lake la Kigiriki. Walilifanyia nini? Walilichimba, wakaliweka katika tanuri la udongo pamoja na makaa, wakavukuta mivukuto, wakatoa shaba. Shaba hiyo waliimimina katika kalibu, ikawa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia wameikuta makaburini, wafu wamezikwa nayo. Mwaka 1960 Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera yake. Sisemi kwamba wazee hawakuwa na matambiko. Walikuwa nayo, na mabwana wa tanuri hawakuanza kazi bila kuyafanya. Lakini tambiko lao lilikwenda pamoja na kazi. Walijua kwamba ndani ya jiwe kuna shaba, na kwamba shaba haitoki bila moto na jasho. Anayedharau mila ni yupi: ninayesema jiwe hili ni shaba kama wazee walivyojua, au anayesema jiwe litakuletea pesa ukiwa umekaa kitandani?

Jibu la pili ni la upole zaidi, na nakiri lina ukweli. Rafiki yangu mmoja husema bangili humtuliza wakati wa mitihani. Nimemwona: huzungusha shanga moja moja kwa kidole gumba, pumzi yake ikashuka. Sina ugomvi na hilo. Mwenye tasbihi hufanya hivyo, mwenye rozari hufanya hivyo, na hakuna anayedai kwamba mti uliochongwa rozari ndio unaotibu. Vidole vikipata kazi, moyo hupata nafasi. Basi tuseme hivyo hivyo, na tumwuzie mtu bangili kwa bei ya bangili. Shanga za mbegu za porini zingetuliza vilevile, ila hazina kikaratasi.

Jibu la tatu ndilo gumu: mwache, ni mwanafunzi maskini, anatafuta ada. Mimi pia natafuta ada. Lakini tazama pesa hiyo inakopita. Baba yangu mdogo ni mchongaji wa malakiti. Ananunua mawe kwa wachimbaji, anayakata, anayatoboa, anayasugua kwa msasa mpaka yang'ae. Zamani alikata yakiwa makavu. Nilipokuwa mtoto nilimwona akipenga kamasi, na leso yake ikabaki na doa la kijani. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba; halifai kifuani mwa mtu. Sasa anakata jiwe likiwa limelowa, maji yakitiririka juu ya gurudumu, na amefunga barakoa. Kazi imekuwa polepole, shanga za siku zimepungua, na hakuna mnunuzi aliyemwongezea bei kwa ajili ya kifua chake. Muuzaji wetu wa bweni hununua bangili kwa watu kama yeye, akaongeza kikaratasi, akauza kwa bei mara nne. Kikaratasi kinachosema uongo kinalipwa mara tatu ya mkono uliotoboa jiwe. Na mnunuzi aliyeamini kwamba nguvu imo ndani ya jiwe hamkumbuki mchongaji hata kidogo. Atamkumbuka vipi? Kwake jiwe linafanya kazi lenyewe.

Basi kama bangili si dawa, inachaguliwaje? Nitasema kwa ninachokijua, kwa kuwa anayepinga bila kuonyesha njia huacha watu njia panda.

Kwanza, hakikisha ni jiwe. Katika mji uliojaa malakiti, malakiti za plastiki zinauzwa mchana kweupe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Weka ushanga kwenye shavu: jiwe ni baridi na huchelewa kupata joto, plastiki hupata joto upesi. Upime mkononi: malakiti ina uzito wa karibu mara nne ya maji ya ujazo huo huo, plastiki haizidi maji sana. Kisha tazama mistari. Katika malakiti ya kweli mistari hupinda na kuzunguka kama mistari ya shina la mti lililokatwa, mwembamba karibu na mnene, na hakuna shanga mbili zinazofanana. Ukiona shanga kumi zenye mistari ileile, upana uleule, uliyewekewa mbele ni mchapaji, si mchongaji. Kwa feruzi, tazama tundu la uzi. Jiwe jeupe lililotiwa rangi ili liitwe feruzi mara nyingi rangi yake hujikusanya tunduni na katika nyufa.

Pili, jua ugumu wake kabla ya kuivaa. Katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwatzi ni 7 na kioo cha dirisha hukaribia 5.5. Malakiti haizidi 4. Maana yake ni kwamba kisu kitaikwaruza, kioo kitaikwaruza, na bangili ya akiki au amethisto ukiivaa mkono huo huo itaila polepole. Hata vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi. Kwa hiyo usiipanguse vumbi kwa nguvu ikiwa kavu. Ipulize kwanza, kisha ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu, uikaushe mara moja. Manukato, mafuta na jasho huiondolea mng'ao. Ivue unapofua, unapoosha vyombo, unapokamua ndimu. Ihifadhi peke yake katika mfuko wa kitambaa.

Tatu, kagua uzi. Bangili nyingi hushikwa na uzi wa mpira, na mpira huchoka. Ukiona umelegea au umeanza kufumuka karibu na fundo, peleka ukabadilishwe, usingoje shanga zitawanyike kwenye ngazi za darasa. Unapoivaa, isukume juu ya vidole taratibu, usiivute mpaka uzi uonekane.

Nne, muulize muuzaji swali moja: nani alichonga? Akijua, mpe pesa yake kwa furaha. Asipojua lakini anajua jiwe linatibu nini, ondoka.

Wanafunzi wenzangu, tunasoma Kiswahili, na kazi yetu ni maneno. Kikaratasi kile kiliandikwa kwa Kiswahili kizuri, tena na mmoja wetu, anayejua kupanga vitenzi vyake: huondoa, hutibu, huvuta. Hiyo hu- ndogo inadai kwamba jambo hutokea kila siku, kwa kila mtu, bila shaka. Tulifundishwa matumizi yake mwaka wa kwanza. Hatukufundishwa kuitumia kumnywesha mgonjwa shaba. Nilimwambia mwenzangu hivyo, mbele ya kitanda chake. Alikasirika, tukanuniana wiki mbili. Baadaye alikiondoa kikaratasi cha malakiti. Vingine bado vipo, na bado tunabishana.

Bangili ya yaya niliipeleka kwa baba mdogo. Aliigeuza mkononi, akaguna, akauliza nani amelitia jiwe lake ndimu. Alilijua ni lake kwa tundu, maana hutoboa pande zote mbili, akakutana katikati. Alizisugua shanga upya kwa msasa laini uliolowa maji, kisha kwa kipande cha ngozi, akabadilisha uzi, na hakutaka malipo. Yaya huivaa Jumapili. Dawa za vidonda anazinywa kila siku, kwa maji matupu.