Mtaka cha Mvunguni Huinama: Kijana Anapoanza Kazi Gereji



Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hubaki na swali moja: kijana huyu tumpeleke wapi? Mmoja huendelea na masomo, mwingine hurudi kwenye mahindi na viazi, na mwingine mjomba humwombea nafasi gereji. Mama hufurahi: mwanangu atakuwa fundi magari! Baada ya miezi mitatu furaha hupungua. Kijana anarudi jioni mikono myeusi, ovaroli inanuka dizeli, na mfukoni hana kitu ila labda chenji ya chakula cha mchana. Ukimwuliza amejifunza nini, anajibu, "Nimefagia na kuosha vyuma." Hapo mama husema, "Basi bora arudi nyumbani."

Tunawasihi msiharakishe. Kwanza tutazame ni kipi katika shida hizo ni mafunzo, na ni kipi ni hatari ambayo mzazi hapaswi kuinyamazia.

Ufagio nao ni somo

Kazi ya ufundi magari kwetu haiwezi kukosekana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupanda Kitonga, hupita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, hufika Uyole na Mbeya, kisha Tunduma. Malori ya mizigo ya Zambia na Congo hupita usiku na mchana, na milima yetu haina huruma kwa breki wala klachi.

Kijana anayeanza huitwa spana boi. Kazi yake ni kumpa fundi spana anayoitaka. Akishaitiwa "namba kumi na saba" mara mia, huijua kwa kuitazama tu. Akiosha vyuma vya gia boksi, hujua vimo vingapi na kila kimoja hukaa wapi. Hata katika karakana kubwa za mawakala wa magari mapya, mgeni huanza kwa kuosha magari, kumwaga oili, kubadili filta na tairi. Haachiwi breki peke yake, na ni haki. Breki iliyofungwa vibaya na mwanafunzi itajulikana Kitonga, basi likiwa limejaa abiria. Sisi wauguzi nasi tulianza kwa kutandika vitanda na kupima joto la wagonjwa kabla ya kukabidhiwa sindano.

Lakini mama asilale. Baada ya nusu mwaka mwulize kijana: "Ni kazi gani unayoifanya kwa mikono yako, fundi akisimama pembeni kukukagua?" Kama anabadili oili, filta na tairi, na ameanza kufungua breki, anasonga mbele. Kama mwaka umepita naye bado anatumwa chai tu, wazazi waende kuzungumza na fundi kwa heshima.

Kuinama si kuumia

Mtaka cha mvunguni huinama, lakini si lazima aumie. Haya yafuatayo si mafunzo. Mwambieni kijana ayakatae, hata akichekwa.

1. Kunyonya petroli kwa mdomo. Huonekana jambo dogo, lakini matone machache yakiingia mapafuni huleta homa ya mapafu inayoweza kuua. Kijana akipaliwa au akimeza, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ya kula. Mpelekeni hospitali, hata kama anakohoa kidogo tu.

2. Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Liwekewe stendi imara za chuma, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe.

3. Kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji huruka na kuunguza uso na kifua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Msimpake dawa ya meno, unga wala mafuta. Maji ya betri yakiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha aende hospitali.

4. Kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa. Mwezi Juni na Julai baridi yetu huwafanya mafundi wafunge milango. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, sawa na ile ya jiko la mkaa chumbani. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikianza, atoke nje mara moja.

5. Kunawa kwa petroli. Petroli huondoa mafuta ya ngozi, mikono ikapasuka. Anawe kwa sabuni, ajipake mafuta ya mgando. Oili chafu ikikaa kwenye ngozi miaka mingi inaweza kuleta hata saratani, kwa hiyo asiweke matambara yenye oili mfukoni. Ovaroli yake ifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.

Pia mwulizeni kama amemaliza sindano za pepopunda. Chuma chenye kutu hakingoji.

Karatasi

Fundi mzuri asiye na cheti hukwama mlangoni pa karakana kubwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Mbeya na Iringa. Kama hamna ada ya chuo sasa, msikate tamaa. Upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia gereji hupimwa, hufundishwa anapopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Kijana aandike katika daftari kila kazi aliyoifanya na tarehe yake, ili siku ya kupimwa akumbuke alikopita.

Tena, mapatano na mwenye gereji yawe ya maandishi: saa za kazi, malipo, na atafundishwa nini. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari. Mulizeni pia kama wafanyakazi wake wamo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na aliyeumia kazini hupata matibabu na fidia. Swali hili huulizwa siku ya kwanza, si siku ya ajali.

Wenye mabinti, haya yote ni yenu pia. Spana haiulizi imeshikwa na nani. Ila kwa binti ongezeni maswali mawili: pana mahali pa kubadilishia nguo panapofungwa? Na jioni atarudi na nani?

Basi mama, kijana akirudi leo na mikono myeusi, mtengee maji ya moto na sabuni. Akishakula, kaa naye umwulize kazi ya leo ilikuwa nini, na kama gari lilikuwa juu ya stendi.

Mpaka mwezi ujao.