Viti vya Wachumaji: Tuitazame Mwanza

Ndugu wanachama, wako wenzetu wanaonung'unika juu ya shauri la kutenga viti vitatu katika kamati yetu kwa akina mama na wachumaji. Wasema uchaguzi u wazi, kila atakaye na agombee. Twawaomba kwanza waitazame Mwanza.

Pamba ya Usukuma zamani ilinunuliwa na wafanya biashara wa Kihindi, na wao ndio waliokuwa na vinu vya kuichambua. Mkulima asiye na mtaji, ghala wala mizani angeshindana nao vipi? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, wapate kujua uzito wa kweli wa pamba yao. Bwana Paul Bomani alizunguka kuwaunganisha, na mwaka 1955 ikapatikana Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Serikali ikavipa vyama haki ya kununua, hata mwisho wa miaka ile karibu pamba yote ya jimbo ikawa yapita mikononi mwao. Huo ulikuwa upendeleo, tusione haya kuutaja kwa jina lake. Bila ya huo wangalingoja sana.

Walakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1966 tume ya serikali ilivichunguza vyama vya ushirika vya Bara ikakuta ubadhirifu, na kazi zikigawiwa jamaa. Hapa twakubaliana na wanung'unikaji, kwa nusu: kiti kilichotengwa chaweza kugeuka kiti cha ukoo.

Lakini dawa yake si kukifuta. Januari 1964, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliondoa upendeleo wa rangi baina ya raia katika kazi za serikali, ijapokuwa wengi hawakupendezwa. Nasi twashauri viti vitatu kwa vipindi viwili, kisha mkutano mkuu uulizwe tena. Atakayechaguliwa afundishwe daftari la mizani, na kila msimu asome hesabu mbele ya wanachama.

Mchumaji ndiye apandaye juu ya mkarafuu, na tawi likikatika huumia yeye. Mpaka leo hatujamsikia hata mara moja katika kamati akisema ujira wa pishi uwe kiasi gani.