Anayemwita Jirani Mchawi Ashtakiwe Kwanza

Kila mzee anapochomwa Kisii au Nyamira, nchini Kenya, wito unaotolewa barazani ni ule ule: wananchi wasijichukulie sheria mkononi, na anayemshuku jirani yake kuwa mchawi apige ripoti kwa chifu au kwa polisi. Wito huo hutolewa kwa nia njema, lakini ndio unaonikera kuliko mengine yote yanayosemwa siku hizo za msiba, kwa sababu unamkubalia muuaji hoja yake kuu. Unamwambia kwamba mchawi yupo, ila yeye muuaji hakufuata utaratibu. Mbaya zaidi, sheria yenyewe inauunga mkono. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 100 ikiwa bado inatumika. Kifungu chake cha 6 kinasema kwamba kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai, isipokuwa tuhuma hizo zikipelekwa kwa ofisa wa utawala, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Msimamo wangu ni kwamba mwanya huo uzibwe, na anayemtaja jirani yake kuwa mchawi, popote pale anapomtaja, ashtakiwe kabla hajatokea wa kuwasha kiberiti.

Tarehe 17 Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kaunti ya Kisii, wakidaiwa kumroga kijana wa shule ya sekondari. Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii. Kabla ya hapo kulikuwa na wimbi la mauaji kama hayo kati ya 1992 na 1994, ambalo msomi Justus Ogembo aliliandikia kitabu kizima. Tazama miaka hiyo kwa makini. Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, na mpaka wa Borabu na Sotik, unaowatenganisha Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, na majirani zao, ulikuwa umewaka moto wa mapigano ya kikabila. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa 2007, mpaka huo huo uliwaka tena, hasa Chepilat, na Abagusii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa wakafukuzwa na majirani waliozoeana nao miaka nenda miaka rudi. Miezi michache baadaye, wazee wakachomwa nyumbani. Sisemi kwamba waliofukuzwa ndio waliochoma. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Nasema kwamba nchi inapogawanyika, watu hujizoeza kumtazama jirani kama adui aliyejificha, na mazoea hayo hayaishii kwenye mpaka wa kabila. Yanaingia bomani. Mwaka 2021 haukuwa mwaka wa uchaguzi, lakini ulikuwa mwaka wa Covid, na shida ya maisha ilikuwa imebana kila mlango.

Wapo watakaosema kwamba kiini cha yote haya ni ardhi. Wana hoja. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na hiyo ni kaunti isiyofikia kilomita za mraba 1,400. Kipande cha shamba cha mjane asiye na mtoto wa kiume karibu kinatamaniwa, na tuhuma za uchawi ni njia rahisi ya kukipata. Wengine watasema kwamba umaskini ukiisha na elimu ikifika, imani hii itakufa yenyewe. Na wapo wanaoona kwamba heri mtuhumiwa apelekwe kwa chifu akiwa hai kuliko aachiwe umati. Hoja zote tatu nimezisikia na sizidharau. Ila Kisii haina uhaba wa shule, na ardhi imekuwa haba kwa vizazi vingi bila wazee kuchomwa kila mwaka. Shamba linaeleza ni nani atakayefaidika. Halielezi kwa nini kijiji kizima kilikaa kimya jina lilipotajwa.

Hapo pa jina kutajwa ndipo penye uzito, na ndipo ninapotaka tukae. Mauaji ya 2008 yaliacha habari moja ambayo haifai kusahauliwa. Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba ushahidi ulikuwepo: daftari la mazoezi lililookotwa katika shule ya msingi, likiwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na ndani yake majina ya wale waliopangiwa kurogwa zamu itakayofuata. Fikiria jambo hilo. Daftari la mtoto, karatasi zenye mistari, mwandiko wa mtu. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, swali la kwanza lilipaswa kuwa: huu ni mwandiko wa nani? Mwalimu yeyote angeweza kuutambua mwandiko wa mwanafunzi wake kwa dakika tano. Badala yake daftari likasadikiwa, watu wakapita nyumba hadi nyumba, na bibi vizee waliowapokea wajukuu wa watu walipozaliwa wakafia ndani ya moto. Aliyeandika daftari hilo, na aliyelipitisha mkono kwa mkono, walifanya kazi yote. Wenye petroli walikuja kumalizia tu.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia kuambiwa kwamba tuhuma zipelekwe kwa chifu. Chifu atafanya nini nazo? Atapima kwa kipimo gani? Akimwita mzee ofisini ahojiwe, tayari amemtia alama mbele ya kijiji. Mzee anarudi nyumbani jioni akiwa omorogi, yaani mchawi, aliyeitwa na serikali, na usiku huo hana wa kumlinda. Sheria inayomruhusu chifu kupokea shtaka la kitu kisichoweza kuthibitishwa imemkabidhi mshtaki muhuri wa serikali. Aibu hii tumeibeba miaka 100, na hakuna kisingizio kilichobaki cha kuendelea kuibeba. Julai 2021, miezi mitatu kabla ya Marani, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zikomeshe madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi. Sisi tulijibu kwa majivu.

Kuna pia ugonjwa, ambao kijijini hugeuzwa tuhuma. Mzee aliyepatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu hutoka nje usiku wa manane, huzungumza peke yake, hugonga mlango usio wake akidhani ni kwake. Hospitalini hizo ni dalili za maradhi ya ubongo. Kijijini zimekuwa ushahidi wa kuwanga usiku. Familia inayojua ukweli huona haya kuusema, ikamfungia mama ndani, na kumfungia huko ndiko kunakozidisha minong'ono. Kuishi na moyo mkunjufu katika nyakati kama hizi kunaanzia hapa, kwa mambo madogo yanayohitaji ujasiri mkubwa: kusema waziwazi kwamba mama anaumwa, kumrudisha kwake kwa mkono anapopotea njia, kukaa naye matangani wakati wengine wanahama kiti, na kumkatiza kwa sauti anayesimama mbele ya jeneza kuuliza ni nani aliyemla marehemu. Anayedhani huu ni upole wa watu dhaifu hajawahi kufikiria gharama ya kuwa mtu wa kwanza kusema hapana mbele ya vijana wenye hasira.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na siasa za Gusii zimeanza kuwagawa watu hadi ndani ya nyumba moja. Tunajua kilichofuata baada ya 1992 na baada ya 2007. Wabunge na maseneta wa Kisii na Nyamira wanao muda wa kuwasilisha mswada mfupi wa kufuta msamaha ulio katika kifungu cha 6, na machifu wanao uwezo, hata leo, wa kumkamata anayeeneza tuhuma kijijini badala ya kumwita mshtakiwa. Nawaomba wafanye hivyo kabla kampeni hazijaanza. Na wewe msomaji uliye Marani, Nyamaiya au Borabu, jina la mzee likitajwa mbele yako, muulize anayelitaja aseme alilipata wapi, na uliandike lake.