Fundi akitangulia kibali, mtaji huwa rehani

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ilimfungulia raia wa nchi mwanachama mlango wa kuanzisha biashara nchi jirani. Lakini kibali cha ujenzi kinabaki mikononi mwa mamlaka ya mahali duka lilipo, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Sababu inaeleweka. Pango hulipwa miezi kadhaa mbele, na siku huanza kuhesabiwa mara fedha zinapotoka. Kibali kikichelewa, mpangaji humwita fundi avunje ukuta wa fremu na kuvuta nyaya, akitumaini karatasi zitafuata.

Dar es Salaam imeonja uchungu wa majengo yasiyosimamiwa. Mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, soko linalotegemewa na wanunuzi kutoka Kongo, Zambia na Uganda. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Wengi walikuwa kazini tu, au wamefuata bidhaa.

Umeme nao una mpaka wake. Mafundi hupewa leseni na EWURA nchini Tanzania, EPRA nchini Kenya na ERA nchini Uganda. Fundi unayemwamini Busia ya Kenya hawezi kuvuka na leseni yake akafanya kazi Busia ya Uganda kana kwamba yuko nyumbani. Duka likiungua, bima itauliza nani aliyefunga nyaya hizo.

Mamlaka zikisimamisha kazi, mwenye nyumba anabaki na jengo na kodi aliyokwisha kupokea. Mpangaji mgeni anabaki na shehena isiyo na pa kushushwa.

Dawa ianzie kwenye mkataba: kodi ianze kuhesabiwa siku kibali kinapotoka, na mwenye nyumba aonyeshe nakala ya kibali cha jengo kabla ya kupokea fedha. Halmashauri nazo zitangaze siku za kushughulikia maombi na kuziheshimu. Anayesubiri kibali bila kujua mwisho wake ndiye anayeshawishika kumwita fundi usiku. Jumuiya iliyofungua mipaka kwa bidhaa haina budi kuwarahisishia wenye bidhaa hizo njia ya kujenga kihalali.