Jembe Tusilompa Mgeni

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaikariri mno katika insha, na labda ndiyo sababu hatuizingatii. Hapa Njoro, ambapo Egerton ilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987, jembe si tamathali ya usemi tu. Hata hivyo, jembe ninalolikusudia katika makala haya ni Kiswahili, na mgeni ninayemzungumzia ni mwanafunzi anayevuka mpaka kutoka Juba, Bujumbura, Goma au Gulu kuja kusoma katika vyuo vya Nakuru na viunga vyake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, ilimrahisishia mwanafunzi huyo safari. Anapofika hufundishwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza, basi sisi wenyeji hudhani hana haja na lugha nyingine. Lakini maisha ya mwanafunzi hayaishii darasani. Chumba hupangwa kwa Kiswahili. Nauli hudaiwa kwa Kiswahili. Baridi ya Njoro, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, humtuma mgeni sokoni kununua blanketi wiki ya kwanza, na asiyejua kupatana bei hulipa maradufu.

Namkumbuka msichana mmoja kutoka Sudan Kusini niliyefahamiana naye mjini Nakuru. Alikuwa amejifunza tarakimu za Kiswahili kwa bidii kutoka kijitabu fulani. Mwenye ploti alimwambia kwa simu, "Njoo kesho saa mbili na pesa ya mwezi." Alifika saa mbili ya saa yake ya mkononi, yaani saa nane mchana, akakuta chumba kimekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Alilala wiki tatu katika nyumba ya wageni, karo ikipungua kila asubuhi, na mara mbili aliulizia nauli ya basi la kurudi kwao. Aliponiuliza ni kwa nini tunahesabu saa kuanzia macheo, nilimweleza. Kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia hilo siku ya kwanza. Nikakosa jibu, mimi mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu!

Wapo wanaoshikilia kwamba mgeni ataokota lugha mitaani. Ni kweli ataokota, tena upesi: makanga watamfunza kuwa mbao ni shilingi ishirini. Siibezi Sheng, maana nami huizungumza. Lakini mwanafunzi wa kilimo anayetumwa Molo au Mau Narok kumhoji mkulima mzee juu ya ugonjwa wa viazi hawezi kumwamkia kwa lugha ya stendi na kutarajia kukaribishwa chai.

Kuna na mgeni anayekuja na Kiswahili chake. Mwenzetu kutoka Kongo akisema "batoto", tunaangua kicheko, ilhali sisi wenyewe katika sentensi hiyo hiyo tumechanganya lugha tatu. Matokeo ni kwamba hunyamaza, au hujificha nyuma ya Kifaransa. Hata anayetoka Juba haji mikono mitupu: sukari, sabuni na kitabu anavijua tayari kupitia Kiarabu cha kwao. Mwalimu mwema angeanzia hapo.

Jambo linaloniuma zaidi hutukia vyumbani. Watu watano wameketi wakila githeri, wanne wakahamia lugha ya mama ghafla, na wa tano akabaki kutazama sahani. Si mgeni wa nje pekee anayefungiwa hivyo. Katika eneo hili lililoshuhudia damu ikimwagika mwanzoni mwa mwaka wa 2008, Mkenya naye akiachwa nje ya mazungumzo huanza kujiuliza anasemwa nini. Kiswahili kilipaswa kuwa mkeka wetu sote.

Sasa niruhusiwe kukinyoshea kidole chama chetu wenyewe. Tunaandaa makongamano, tunaghani mashairi, na kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tukijivunia kwamba UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021. Wengi wetu tunaota kuchaguliwa na mpango wa Fulbright ili twende kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani. Ni azma njema, lakini je, tumemfundisha nani hapa? Tutavuka bahari kumfunza Mmarekani maamkizi ilhali jirani wa chumba cha pili hajui kumweleza muuguzi kwamba anaumwa na tumbo.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Kila mwanachama apewe mgeni mmoja katika juma la kwanza la muhula, wakutane saa mbili kwa wiki, na masomo yaanze na saa, pesa, chakula na maradhi. Ngeli zitasubiri. Katibu anayo orodha ya wanachama, na orodha ya wanafunzi wa kigeni yaweza kuombwa kwa mlezi wao. Wageni wapya wanaingia Septemba, na hoja hii nitaiwasilisha katika mkutano mkuu kabla ya hapo.